Serikali na Moshi wa Shaba: Historia ya Udhibiti wa Hewa Kampemba

Komuni ya Kampemba, mojawapo ya vitengo saba vya utawala vinavyounda jiji la Lubumbashi, iko mashariki ya kitovu cha jiji hilo, ukielekea komuni ya Ruashi. Ndani yake mna mtaa wa viwanda, wenye maghala na karakana zilizojengwa kufuata reli, pamoja na mitaa ya makazi kama Bel-Air na Tshamilemba, ambayo imekua hata nyumba za watu na kuta za viwanda zikapakana. Historia ya jinsi dola ilivyoisimamia hewa ya mahali hapa haiwezi kuandikwa kwa kufuata vipimo, kwa kuwa vipimo vya serikali vilivyotangazwa ni haba mno. Inabidi iandikwe kwa kufuata ramani, amri, vibali na kodi, kisha hati hizo zilinganishwe na ushahidi wa mimea, udongo na miili ya wakazi. Ulinganisho huo unaonyesha jambo moja lililodumu kupita tawala zote, kwamba dola ilidhibiti mahali moshi unapotokea, ikaamua nani aishi karibu napo, lakini haikujizoesha kuuliza ndani ya moshi huo mna nini na kwa kiasi gani.

Union Minière du Haut-Katanga, kampuni iliyoundwa mwaka 1906 ili kuchimba madini ya kusini mwa Kongo, ilichagua ukingo wa mto Lubumbashi kuwa mahali pa tanuru lake la kuyeyushia shaba, na mji wa Élisabethville, ambao ndio Lubumbashi ya leo, ulichorwa mwaka 1910 chini ya usimamizi wa Émile Wangermée, mwaka uleule ambao reli kutoka kusini iliwasili. Tanuru liliwashwa mwaka 1911, likatoa takriban tani 1,000 za shaba kabla ya mwaka kwisha, kwa kutumia koki, yaani makaa ya mawe yaliyookwa hadi gesi zake zikatoka, iliyoletwa kwa treni kutoka Wankie, katika nchi ambayo leo inaitwa Zimbabwe. Mawe ya mwanzo yalitoka Kalukuluku, mgodi ambao Wabelgiji waliuita Étoile, nayo yalikuwa ya oksidi, ambamo shaba imeshikamana na oksijeni, hivyo moshi wake ulibeba vumbi zaidi kuliko salfa. Hali iligeuka mgodi wa Kipushi ulipoanza kazi katika miaka ya 1920, kwa sababu mawe yake yalikuwa ya salfaidi, ambamo shaba na zinki zimefungamana na salfa. Salfa hiyo ikipata moto huungana na oksijeni ya hewa ikawa dioksidi ya salfa, gesi isiyo na rangi ambayo hukaba koo na kutoa machozi, na ambayo ikikutana na unyevu, uwe wa mvua au wa kifua cha mtu, hugeuka kuwa asidi.

Upepo wa Lubumbashi, hasa katika miezi ya kiangazi, huvuma kutoka kusini-mashariki. Kwa kuwa tanuru liko kusini-magharibi ya kitovu cha mji, sehemu kubwa ya moshi wa dohani yake haikupita juu ya nyumba za Wazungu bali ilielekea kaskazini-magharibi, na huko ndiko miti ya miombo ilikofia. Ardhi hiyo iliyokauka, ambayo wataalamu wa mimea huiita koni ya uchafuzi kwa sababu inaanza kwa wembamba karibu na dohani na kupanuka kadiri upepo unavyokwenda, inajulikana zaidi katika eneo la Penga Penga. Asidi iliua majani kwanza. Kisha metali zilizoanguka na vumbi, yaani shaba, zinki, risasi, kadimi na aseniki, zikajikusanya katika tabaka la juu la udongo, mvua zikauchukua udongo usiokuwa tena na mizizi ya kuushika, na palipokuwa msitu pakabaki uwanda mwekundu. Iwe mpangilio wa mji ulifuata hesabu ya upepo au mahitaji ya maji na reli, matokeo yake yalikuwa yaleyale: waliokuwa na sauti mbele ya serikali waliishi nje ya njia ya moshi, na wafanyakazi wa kampuni waliishi kambini, jirani kabisa na tanuru.

Serikali ya kikoloni haikuipuuza hewa kwa kukosa watu wa afya, kwa maana Élisabethville ilikuwa na idara ya usafi yenye bidii kubwa. Bidii hiyo ilielekezwa kwa mbu. Kati ya mji wa Wazungu na mji wa Waafrika iliachwa ardhi tupu, iliyoitwa ukanda wa kutenga, ambayo uhalali wake ulielezwa kwa lugha ya tiba: mbu wa malaria, ilisemwa, hawezi kuruka umbali huo akiwa amebeba ugonjwa kutoka kwa Mwafrika hadi kwa Mzungu. Mwanzoni mwa miaka ya 1920 makazi ya Waafrika yalihamishwa mbali zaidi, ndipo mji wa Albert, ambao leo ni Kamalondo, ulipochukua umbo lake. Union Minière nayo, ilipoanza mwishoni mwa muongo huo sera ya kuwaweka wafanyakazi kambini pamoja na wake na watoto wao ili wasirudi vijijini, iliunda chini ya daktari Léopold Mottoulle utaratibu wa kupima uzito wa watoto, kugawa chakula kwa vipimo na kuhesabu vizazi na vifo. Kwa hiyo watawala wa Katanga, jimbo ambamo Lubumbashi ilikuwamo, hawakuwa wageni wa kipimo wala daftari. Walipima kile kilichohusu nguvu kazi ya kesho, na moshi ulihesabiwa kuwa dalili ya kwamba kazi inakwenda vizuri.

Sheria iliyokuja kugusa viwanda moja kwa moja ilikuwa na ukoo mrefu kuliko ule wa koloni. Mwaka 1810 Napoleon alitoa amri kuhusu karakana zinazotoa harufu mbaya au zenye madhara, akazigawa katika madaraja matatu: zile zinazopaswa kuwekwa mbali na makazi, zile zinazoweza kukaa karibu iwapo tahadhari zimehakikishwa, na zile zisizo na neno zikikaa mjini. Ubelgiji ilikuwa chini ya Ufaransa wakati huo, ikairithi amri hiyo na kuijenga upya kwa namna yake, na kutoka Ubelgiji wazo lilelile liliingia Kongo kwa sura ya ordonansi ya mwaka 1953 kuhusu mahali pa kazi palipo hatari, pasipofaa kwa afya au penye kero. Ordonansi hiyo iliweka orodha ya shughuli zinazohitaji kibali, ikataka majirani waulizwe kabla ya kibali kutolewa, ikampa mkaguzi ruhusa ya kuingia kiwandani. Ni utaratibu wenye busara yake, lakini msingi wake ni uhusiano kati ya ukuta na jirani: kiwanda kiko wapi, nani ana nyumba karibu, je, ana pingamizi. Jirani asiye na hati ya kiwanja, na hao ndio waliokuwa wengi, alikuwa na nafasi ndogo ya kuulizwa.

Uingereza ilikuwa imeshika njia nyingine tangu mwaka 1863, pale Bunge lake lilipopitisha sheria iliyovilazimisha viwanda vya magadi kunasa asilimia 95 ya mvuke wa asidi hidrokloriki uliokuwa ukiharibu mashamba, na mkaguzi mkuu wa kwanza, mkemia Robert Angus Smith, akafanya kazi ya kupima kinachotoka katika mabomba badala ya kuridhika na cheti kilichotundikwa ofisini. Katika Amerika ya Kaskazini moshi wa tanuru la Trail, Kanada, ulivuka mpaka na kuharibu mashamba ya Marekani, na mahakama ya usuluhishi iliamua mwaka 1938 na tena mwaka 1941 kwamba nchi haina haki ya kuiacha ardhi yake itumike kudhuru nchi nyingine kwa moshi. Uamuzi huo uliagiza pia hali ya hewa na gesi vifuatiliwe kwa vyombo. Tanuru la Lubumbashi liliwaka miaka hiyohiyo, kwa kemia ileile ya salfa. Tofauti ni kwamba waliokuwa chini ya upepo wa Trail walikuwa wakulima wenye serikali ya kuwasemea, na waliokuwa chini ya upepo wa Lubumbashi hawakuwa nayo.

Uhuru wa mwaka 1960 uliiacha ordonansi ya 1953 ikiendelea kutumika kwa miongo kadhaa, lakini ulibadilisha kitu kizito zaidi kuliko sheria, nacho ni mwenye mali. Union Minière ilitaifishwa mwanzoni mwa mwaka 1967, na kampuni iliyoirithi, ambayo baadaye iliitwa Gécamines, ikawa chanzo kikuu cha fedha za kigeni za Zaire, kama Kongo ilivyokuja kuitwa. Mwaka 1975 serikali ya Rais Mobutu iliunda idara ya mazingira, hifadhi ya maumbile na utalii, hatua ya mapema ukilinganisha na nchi nyingi za Afrika. Hata hivyo ni vigumu kumwona mtumishi wa idara hiyo akifunga tanuru ambalo mapato yake yanalipa mshahara wake mwenyewe, kwa maana serikali ilikuwa sasa mshtakiwa na hakimu kwa wakati mmoja. Kilichopunguza moshi hatimaye hakikuwa kanuni bali uchumi. Uzalishaji wa Gécamines, uliozidi tani 470,000 za shaba mwaka 1986, ulianguka chini ya tani 50,000 mwaka 1993, baada ya mgodi wa Kamoto kuporomoka mwaka 1990 na uporaji wa mwaka 1991 kuivunja nchi, na tanuru la Lubumbashi likazimika. Dohani ilibaki imesimama kando ya kilima cheusi cha makapi ya tanuru, ambacho tangu mwaka 2000 kilianza kuchomwa upya ili kutoa kobalti iliyosalia ndani yake.

Kuzimika kwa tanuru hakukuirudisha Penga Penga. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi, akiwemo Mylor Ngoy Shutcha, walilazimika kutafuta nyasi zinazovumilia shaba, kama vile Microchloa altera ambayo huota yenyewe juu ya vilima vya shaba vya Katanga, na kuzijaribu kwenye udongo huo uliotiwa chokaa na mboji ili vumbi lake lisipeperuke tena kuelekea kwa watu. Hapo kuna somo ambalo sheria ya vibali haikuwa na nafasi ya kulibeba: moshi uliotoka zamani ni hewa ya leo kila upepo wa kiangazi unapoinua udongo.

Enzi mpya ilianza na Sheria ya Madini ya mwaka 2002, iliyofungua milango kwa kampuni binafsi na kuzitaka, pamoja na kanuni zake za mwaka 2003, zifanye tathmini ya athari kwa mazingira kabla ya kazi. Miaka mitano baadaye gavana Moïse Katumbi, aliyeingia madarakani mwaka 2007, alipiga marufuku usafirishaji wa mawe ghafi nje ya nchi kwa nia ya kuyaongezea thamani yakiwa bado Katanga. Uamuzi huo ulikuwa wa kiuchumi na ulikuwa na hoja nzuri. Lakini mawe yasiyovuka tena mpaka wa Kasumbalesa yalihitaji kuchomwa au kuoshwa mahali fulani, na mahali hapo palikuwa mijini. Tanuru ndogo, nyingi zikiwa za wafanyabiashara wa kigeni walionunua mawe kwa wachimbaji wadogo, ziliota Lubumbashi, Likasi na Kolwezi, mpaka bei ya metali ilipoporomoka mwishoni mwa 2008 na nyingi zikafunga bila hata mkaguzi kubisha hodi. Katika historia yote ya hewa ya Lubumbashi pengine hakuna amri ya jimbo iliyobadilisha moshi wa mjini zaidi kuliko hiyo, nayo haikutaja neno hewa.

Ndipo Kampemba ilipopanda kutoka pembezoni hadi katikati ya suala hili. Kiwanda kinachofanya kazi kwa asidi, kama kile kilichojengwa humo, hakina dohani ndefu ya kuonekana kutoka mbali, na kwa sababu hiyo ni rahisi kukidhania kuwa safi. Mawe husagwa, huloweshwa katika asidi ya salfuriki mpaka shaba na kobalti ziyeyuke, kisha maji hayo ya buluu hupitishwa katika mabwawa yenye sahani za metali zinazopitishiwa umeme ili shaba ijigandishe juu yake. Kwenye sahani za upande wa pili huchemka viputo vya oksijeni, na kila kiputo kinapopasuka juu ya maji hurusha matone madogo sana ya asidi, ambayo huelea kama ukungu. Mabwawa yasipofunikwa kwa vipira vya plastiki au ukungu usipofyonzwa kwa feni, ukungu huo hutoka ndani ya jengo, hula mabati, na huwafanya watu wakohoe. Kampuni ya Chemaf ilijenga kiwanda cha namna hiyo barabara ya Usoke, kwa ajili ya mawe ya mgodi uleule wa Étoile ulioanzisha mji, na wakazi wa Tshamilemba walio jirani yake wamelalamika kwa miaka mingi kuhusu harufu ya asidi na maji machafu, malalamiko ambayo mashirika ya kiraia ya Lubumbashi yameyaandika na kuyapeleka kwa mamlaka. Kwa mantiki ya mwaka 1810 tatizo hapa ni la ujirani, na jibu lake ni kuhamisha kiwanda au kuhamisha watu. Kwa mantiki ya kipimo swali la kwanza lingekuwa ni miligramu ngapi za asidi zinazofika kwenye ua wa nyumba, saa ngapi, na nani anayeandika.

Kipimo kilichopatikana hatimaye hakikuwa cha asidi bali cha metali, nacho kilitoka mahali pasipotarajiwa. Mwaka 2009 timu ya Célestin Banza Lubaba Nkulu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na Benoit Nemery wa Leuven, Ubelgiji, ilichapisha matokeo ya kupima mkojo wa watu 351 wa Katanga. Walioishi chini ya kilomita 3 kutoka migodi au viwanda vya kuyeyushia walikuwa na kobalti, aseniki, kadimi, risasi na urani nyingi kuliko walioishi mbali, na kiwango cha kobalti kilikuwa cha juu kuliko chochote kilichowahi kuripotiwa kwa watu wa kawaida wasio wafanyakazi wa metali. Watoto waliathirika zaidi ya wakubwa, jambo linaloeleweka kwa anayejua jinsi mtoto anavyocheza vumbini na kupeleka mkono mdomoni. Mwaka 2020 watafiti wa chuo hichohicho na wenzao walionyesha, kwa kulinganisha watoto wachanga wa Lubumbashi, kwamba kasoro za kuzaliwa zilihusiana na baba kufanya kazi ya madini. Kwa maneno mengine, mwili wa mkazi ndio uliokuwa chombo cha kupimia, na waliokisoma walikuwa watafiti wa chuo kikuu.

Wakati huohuo serikali kuu, Kinshasa, haikuwa imelala. Sheria ya mwaka 2011 iliweka misingi ya ulinzi wa mazingira. Dikrii, yaani amri ya serikali, ya mwaka 2013 ilifanya upya utaratibu wa viwanda vinavyohitaji kibali. Na mwaka 2014 liliundwa Shirika la Mazingira la Kongo, ambalo kazi yake kubwa ni kuzikagua tathmini za athari. Sheria ya Madini ilirekebishwa mwaka 2018. Asomaye dikrii ya 2013 baada ya kusoma amri ya Napoleon ataona sura ya familia: madaraja, orodha, kibali. Juu ya kibali hukusanywa ada na kodi ya kila mwaka kwa viwanda vilivyoorodheshwa, na hapo ndipo dola inapoonekana zaidi mtaani, kwa kuwa ofisa wa kudai kodi hufika mara nyingi kuliko ofisa mwenye chombo cha kupima gesi. Kodi ya namna hii si mbaya yenyewe, ila inampa mwenye kiwanda sababu ya kuamini kwamba amekwisha kuulipia moshi wake.

Nchi nyingine za kanda zimekwenda mbele kidogo. Tanzania ilitunga kanuni za viwango vya hewa mwaka 2007, Kenya mwaka 2014 na Uganda mwaka 2024, na ingawa utekelezaji wake unalegalega, angalau raia anaweza kuitaja namba iliyovukwa. Mfano wa karibu zaidi na Kampemba uko Mufulira, upande wa Zambia, ambako kuna shaba ileile na salfa ileile: mwezi wa Machi 2012 mamlaka ya mazingira ya nchi hiyo ilisimamisha sehemu ya kazi za asidi za kampuni ya Mopani, na mwaka 2014 kampuni hiyo ilikamilisha mtambo wa kunasa dioksidi ya salfa baada ya miongo ambamo wakazi wa mtaa wa Kankoyo walishindwa kuotesha hata mboga uani.

Si haki, hata hivyo, kuvibebesha viwanda hewa yote ya Kampemba. Umeme unapokatika, na hukatika mara nyingi, chakula hupikwa kwa makaa juu ya mbabula, jiko la bati lenye matundu ambalo huwashwa mlangoni mpaka moshi upungue kisha huingizwa ndani. Malori ya madini huinua vumbi la barabara zisizo na lami. Takataka huchomwa jioni. Vipimo vya kwanza vya muda mrefu vilivyochapishwa kuhusu Kinshasa, mwaka 2021, vilionyesha wastani wa mikrogramu 43.5 za vumbi laini katika kila mita ya ujazo ya hewa, ilhali Shirika la Afya Duniani linapendekeza wastani wa mwaka usizidi 5, na jiji hilo halina tanuru la shaba. Bila kipimo cha mtaani haiwezekani kusema kwa uhakika ni kiasi gani cha kikohozi cha Tshamilemba ni cha mbabula na kiasi gani ni cha kiwanda, na shaka hiyo humnufaisha mwenye kiwanda peke yake.

Katanga iligawanywa mwaka 2015, na Haut-Katanga, iliyobaki na Lubumbashi, ina gavana, baraza la mawaziri na bunge lake. Katiba ya mwaka 2006 inampa kila mtu haki ya mazingira yenye afya na kuyaweka mambo ya mazingira miongoni mwa mamlaka ambayo serikali kuu na majimbo huyashika kwa pamoja. Bunge la Haut-Katanga lina uwezo, pasipo kungoja dikrii nyingine kutoka Kinshasa, wa kutunga edi, yaani sheria ya jimbo, inayoagiza dioksidi ya salfa, ukungu wa asidi na vumbi vipimwe katika mitaa inayopakana na viwanda, gharama zilipwe kutoka katika kodi ambayo viwanda hivyo tayari hulipa, na namba zibandikwe kila mwezi kwenye ofisi ya komuni kwa Kiswahili na Kifaransa. Litunge edi hiyo, na kazi ianzie Tshamilemba.